Andiko Moja kwa Mifuko Mitatu: Uchambuzi wa Kisa cha Mwombaji wa Ufadhili wa Taaluma za Korea

Kuhusu kisa hiki

Mhusika ni mhitimu wa Tanzania aliyetaka kusomea taaluma za Korea, yaani historia, lugha na jamii ya nchi hiyo. Aliomba ufadhili miaka miwili mfululizo. Mwaka wa kwanza aliambulia patupu, wa pili akapata. Nimeondoa jina lake, chuo alichohitimu, chuo alichokwenda, miaka yenyewe na mambo mengine mawili matatu ambayo yangemtambulisha. Rasimu ameisoma na kuniruhusu. Nitamwita Siwema.

Mimi nilimfundisha mwaka wake wa tatu na nilikuwa mmoja wa waliomwandikia barua za mapendekezo. Kwa hiyo baadhi ya makosa mtakayoyasoma humu ni yangu.

Nimeona nikiandike kwa sababu kila Februari ikikaribia wanafunzi hubisha hodi na swali lilelile: "Mwalimu, nafasi za Korea zimetoka?" Anayeuliza hivyo anadhani kuna chungu kimoja cha fedha na foleni moja ya kukiendea. Siwema naye alianza na dhana hiyo.

Usuli

Siwema alihitimu shahada ya kwanza ya historia na Kiswahili akiwa na GPA ya 3.7 kati ya 5. Kikorea alikianza akiwa mwaka wa pili. Kwanza ilikuwa tamthilia, kama wenzake wote wa hosteli, kisha akampata mwalimu wa kujitolea aliyekuwa akifundisha jioni mara mbili kwa wiki. Siku ya mahafali alikuwa anasoma hangul, yaani herufi za Kikorea, bila kukwama na anajieleza kwa sentensi fupi. Baada ya hapo alirudi wilayani kwao akawa anajitolea kufundisha sekondari ya kata huku akisubiri ajira. Baba yake alikuwa ameshafariki. Mama ni mkulima.

Fedha alizokuwa anazitafuta zina wenyewe watatu wakubwa, na msomaji asiyewatofautisha hatakielewa kisa.

Wa kwanza ni ufadhili wa serikali ya Korea unaojulikana kama GKS, ambao zamani uliitwa KGSP. Unasimamiwa na NIIED, taasisi ya elimu ya kimataifa iliyo chini ya Wizara ya Elimu ya huko, na mpango wenyewe una mizizi tangu 1967. Huu ni ufadhili wa kusomea shahada: mwaka mmoja wa lugha, kisha miaka miwili ya uzamili au mitatu ya uzamivu, pamoja na tiketi ya ndege, ada na posho ya kila mwezi. Si wa taaluma za Korea peke yake. Mhandisi, muuguzi na mwanahistoria wote wanaomba humo.

Wa pili ni Korea Foundation, iliyoanzishwa 1991 chini ya Wizara ya Mambo ya Nje, na ambayo makao yake sasa yako Seogwipo, kisiwani Jeju. Kazi yake ni kuifanya Korea ijulikane duniani. Hulipia nafasi za uprofesa katika vyuo vya nje, mafunzo ya Kikorea kwa watafiti, na safari za utafiti za wanazuoni na za wanafunzi wa uzamivu waliokwisha kumaliza masomo ya darasani.

Wa tatu ni Academy of Korean Studies, ambayo kwa kifupi huitwa AKS. Iko Seongnam, kusini ya Seoul, chini ya mlima Cheonggyesan. Ilianzishwa 1978, na miaka miwili baadaye ikafungua shule yake ya uzamili na uzamivu. Ndiyo inayotunza Jangseogak, maktaba yenye nyaraka za kasri la wafalme wa Joseon. Pamoja na kusomesha, hutoa fedha za utafiti kwa wasomi wa nje na kwa vyuo vinavyotaka kuanzisha programu za Korea.

Kila mmoja kati ya hawa watatu ana aina yake ya mtu anayemtafuta. Siwema aliwapelekea wote mtu yuleyule.

Mwaka wa kwanza: maombi matatu kwa wiki tano

Aliliona tangazo la GKS kwenye kundi la WhatsApp zikiwa zimebaki wiki tano. Kwa kuwa tayari alikuwa na moto, akatafuta na mengine mawili: fungu la safari za utafiti la Korea Foundation, na fungu la AKS la watafiti waliobobea. Akaandika andiko moja la kurasa tatu na kulitumia kote.

Mawili kati ya hayo yalikuwa kazi bure. La kwanza lilitaka mwanafunzi wa uzamivu aliyefikia hatua ya tasnifu, na la pili lilitaka mtafiti aliye kazini. Siwema alikuwa na shahada moja. Sharti hilo limeandikwa kwenye ukurasa wa kwanza wa kila tangazo. Nilipomuuliza baadaye alinijibu, "Niliona, Mwalimu. Nikasema wakipenda andiko watanifikiria." Alitumia wiki mbili na nusu kati ya tano kujaza fomu za watu wengine.

Kwenye GKS alistahili, ila kidogo ajitoe mwenyewe. Sharti ni ufaulu wa asilimia 80 au zaidi. Alichukua simu akagawa 3.7 kwa 5, akapata 74, akakata tamaa usiku mzima. Asubuhi ndipo alipofungua ukurasa wa mwisho wa mwongozo, wenye jedwali la kubadilishia alama. Katika jedwali hilo, kwa vyuo vinavyotumia GPA ya 5, asilimia 80 inalingana na 3.23. Nimekutana na vijana wenye GPA za 3.5 na 3.8 ambao hawakuomba kabisa kwa sababu ya hesabu hiyo ya kwenye simu. Mwongozo hauko hivyo. Jedwali lipo, lisomwe.

Kisha nyaraka.

Cheti chake cha kuzaliwa kilikuwa na majina mawili, lake na la baba. Cheti cha kidato cha nne kilikuwa na lake, herufi moja ya jina la baba, na jina la babu. Pasipoti ilikuwa na matatu kamili. Sisi tunajua ni mtu mmoja. Afisa aliye Seoul ana faili la watu watatu.

Vivuli vya shahada na transkripti alivipeleka kwa wakili, vikagongwa muhuri mwekundu vizuri kabisa. Mwongozo ulitaka zaidi ya hapo: uthibitisho wa apostili (cheti kinachothibitisha nyaraka kati ya nchi zilizo kwenye mkataba mmoja), au wa ubalozi kwa nchi zisizo kwenye mkataba wa apostili. Korea imo tangu 2007. Tanzania wakati ule haikuwamo. Maana yake ni kwamba muhuri wa wakili ulikuwa hatua ya kwanza tu. Baada yake ni Wizara ya Mambo ya Nje, kisha ubalozi. Kila hatua ina siku zake, na Siwema alikuwa mkoani.

Mwongozo pia ulitaka uthibitisho wa uraia wa wazazi wote wawili, kwa sababu mwombaji au mzazi mwenye uraia wa Korea hastahili. Alipeleka kitambulisho cha mama. Kuhusu baba aliandika kwa mkono pembeni mwa fomu: "marehemu". Cheti cha kifo hakikuwapo.

Na barua yangu. Niliiweka kwenye bahasha ya kaki, nikaifunga na kutia saini juu ya mfuniko, kama inavyotakiwa. Siwema alitaka kubaki na nakala. Akaifungulia steshenari, ikaskaniwa, akairudisha na kuigandisha kwa gundi. Saini yangu ikawa imekatika katikati, nusu huku na nusu kule, kama sahani iliyounganishwa. Aliniambia hayo mwaka uliofuata, tena kwa kucheka. Mimi sikucheka.

Jina lake halikuwamo kwenye orodha ya waliopita hatua ya kwanza. Sababu hazitolewi.

Andiko lenyewe

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo tulipojifunza zaidi.

Andiko la kwanza lilikuwa na kichwa "Muujiza wa Mto Han: Mafunzo kwa Afrika". Lilianza hivi: *"Mwaka 1960 Korea ilikuwa maskini kama nchi nyingi za Afrika. Leo ni nchi tajiri. Je, Afrika inaweza kujifunza nini?"* Katikati lilieleza Saemaul Undong, kampeni ya vijiji iliyoanzishwa na Rais Park Chung-hee mwaka 1970: kila kijiji kilivyopewa mifuko 335 ya saruji kijiamulie cha kufanya, na vijiji 16,600 vilivyoonyesha bidii vilivyoongezewa mwaka wa pili mifuko 500 na tani moja ya nondo. Kisha likailinganisha na Operesheni Vijiji yetu ya 1973 hadi 1976, likamalizia kwamba serikali za Afrika zinapaswa kuiga.

Hakuna kosa la ukweli humo. Kumbukumbu za Saemaul ziko hata kwenye orodha ya UNESCO ya Kumbukumbu ya Dunia tangu 2013, na kulinganisha Saemaul na Ujamaa si jambo la kipuuzi. Shida ni kwamba andiko hilo angeweza kuliandika mtu yeyote mwenye bando. Na nina hakika waliliandika wengi. Ukiwa msomaji wa maombi kutoka Afrika, "mafunzo kwa Afrika" utakuwa umeshayasoma mpaka macho yanauma.

Nilimuuliza swali moja: "Ukifika Korea utasoma kitu gani ambacho huwezi kukisoma hapa?" Akanyamaza. Nikageuza: "Na wewe una kitu gani ambacho wao kule hawana?" Akanyamaza tena, halafu akaanza kuzungumzia tasnifu yake ya shahada ya kwanza, kama mtu anayebadilisha mada.

Tasnifu ile ilihusu magazeti ya Kiswahili baada ya Uhuru, hasa *Uhuru* na *Ngurumo*. Alikuwa amekaa maktaba miezi minne na majalada yaliyofungwa kwa ngozi, karatasi za manjano zinazomeguka pembeni ukizifunua vibaya. Humo alikuwa ameshaona, bila kuzitilia maanani, habari za Korea ya Kaskazini: ujumbe unaokuja, ujumbe unaoondoka, ziara ya Mwalimu Nyerere Pyongyang mwaka 1968. Alikuwa amezinakili kwenye daftari kwa sababu tayari alikuwa anajifunza Kikorea na neno "Korea" lilimvuta jicho. Kurasa kumi na moja za daftari. Akaliendea nyumbani.

Mada ilikuwa imelala humo. Tanzania ilianzisha uhusiano na Pyongyang mwaka 1965. Na Seoul ilisubiri mpaka 1992, mwaka mmoja baada ya Korea zote mbili kuingia Umoja wa Mataifa. Kenya ilikuwa na Seoul tangu 1964. Majirani wawili wanaozungumza lugha moja walikuwa wamegawana Korea mbili. Zilikuwa zinagombea nini kwetu? Kura za Umoja wa Mataifa. Mwaka 1975 huko Lima, nchi zisizofungamana na upande wowote ziliipokea Korea ya Kaskazini na kuikataa ya Kusini. Mwaka 1982 Rais Chun Doo-hwan akazunguka Afrika, Kenya ikiwamo, kuyatengeneza. Alipofika Gabon bendi ikampigia wimbo wa taifa wa Kaskazini. (Siwema aliipenda sana hadithi hiyo ya Gabon, ilibidi nimzuie asiianzie andiko nayo.)

Wizara ya Mambo ya Nje ya Korea hufungua nyaraka zake za kidiplomasia zikitimiza miaka 30, kila mwaka fungu jipya. Kwa hiyo upande wa Seoul wa kisa hicho upo, umo kwenye majalada, kwa Kikorea. Upande wa Dar es Salaam umo kwenye magazeti, kwa Kiswahili. Wanaoweza kuzisoma zote mbili ni wa kuhesabu. Andiko la pili lilianza hivi: *"Nina kurasa kumi na moja za habari kutoka magazeti ya Kiswahili ya 1965 hadi 1975 zinazoonyesha Korea ya Kaskazini ilivyojitangaza Tanzania. Ninataka kujua Seoul ilikuwa inaandika nini kuhusu mambo hayohayo katika miaka hiyohiyo."*

Sentensi mbili. Hakuna muujiza humo, hakuna mto.

Maamuzi kati ya miaka miwili

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kutoomba kitu kingine chochote kwa miezi kumi. Ndugu zake hawakuuelewa. Nafasi za nchi nyingine zilikuwa zinatangazwa, na shangazi yake alikuwa anamtumia viungo kila wiki. Siwema alishikilia kwamba kila fomu ya pembeni inakula siku za Kikorea.

Uamuzi wa pili ulihusu lugha. Kuna mtihani wa Kikorea kwa wageni uitwao TOPIK, wenye madaraja sita; mawili ya chini hufanyiwa mtihani mmoja na manne ya juu mwingine. GKS haimlazimishi mwombaji kuwa nao, lakini mwenye nao hupewa uzito. Matokeo hudumu miaka miwili tu, kwa hiyo ukiwahi sana yatakuishia mkononi. Alipanga aufanye katika msimu wa mwisho kabla ya kuomba. Kituo kilikuwa mbali na kwao. Alisafiri usiku kwa basi, akafanya mtihani akiwa hajalala, akapata daraja la pili kwa alama zisizozidi tatu juu ya mpaka wa 140.

Wa tatu ulikuwa njia ya kuombea, na hapa tulibishana. GKS ina njia mbili, ya ubalozi na ya chuo. Ukiomba kwa zote mbili unaondolewa. Kwa njia ya chuo unachagua chuo kimoja. Kwa ubalozi unachagua hadi vitatu, na miongozo ya miaka ya karibuni hutaka angalau kimoja kiwe cha mikoani, nje ya kundi la vyuo vikubwa vya Seoul. Mimi nilitaka njia ya chuo na jina kubwa la Seoul. Hoja yangu ilikuwa heshima ya cheti. Yeye alitaka njia ya ubalozi na vyuo vitatu, kikubwa kimoja tu. "Mwalimu," alisema, "mimi natafuta anayefundisha kitu hiki, jina kubwa halitanisaidia." Alikuwa ameshawaandikia maprofesa watano. Wawili walimjibu. Mmoja, wa chuo ambacho sikuwahi kukisikia, alimwandikia barua ndefu na kumtajia mafungu matatu ya nyaraka.

Nilimwachia.

Wa nne ulikuwa nyaraka, na alianza nazo Septemba, miezi mitano kabla ya tangazo, kwa kutumia mwongozo wa mwaka uliopita. Hati ya kiapo ya majina. Cheti cha kifo cha baba, ambacho kilimpeleka kijijini mara tatu. Tafsiri za Kiingereza za kila kilichoandikwa kwa Kiswahili. Alinunua faili la plastiki lenye mifuko na kubandika karatasi ndogo kwenye kila mfuko: kipo, kimetafsiriwa, kimethibitishwa. Tangazo lilipotoka alikuwa amebakiza barua za mapendekezo tu.

Barua yangu ya pili niliiandika upya. Ya kwanza, nilipoisoma tena, ilisema Siwema ni "binti mwenye nidhamu, mchapakazi na anayeshirikiana vizuri na wenzake". Ningeweza kumwandikia hivyo mlinzi wa getini. Ya pili ilieleza alivyosoma magazeti yale, kosa la tarehe alilolikamata katika makala niliyokuwa nimewapa darasani, na ukurasa wa tasnifu yake ambako alitofautisha habari iliyoandikwa na mwandishi wa hapa na ile iliyotolewa na ubalozi kama ilivyo.

Usaili na matokeo

Safari hii aliitwa kwenye usaili. Waliuliza kidogo kwa Kikorea, zaidi kwa Kiingereza. Swali analolikumbuka ni moja: kwa nini Korea na si China, ambayo ina historia kubwa zaidi na Tanzania? Alijibu kwamba ya China imeshaandikwa sana, akataja daftari lake. Mmoja wa wasaili akamwomba alione. Alikuwa nalo kwenye mkoba.

Alipita ubalozini, akapita NIIED. Chuo kikubwa cha Seoul kikamkataa. Viwili vingine vikampokea, na mmojawapo ndiko aliko yule profesa wa barua ndefu. Kama angefuata ushauri wangu angekuwa bado yuko sekondari ya kata.

Mwaka wa lugha aliumalizia mji wa mkoani, kwenye baridi ambayo hakuna koti la mtumba lililomwandaa kwayo. Sharti la kuingia uzamili ni daraja la tatu la TOPIK. Alipata la nne. Akaanza masomo akiwa na furaha, na ndani ya mwezi mmoja akagonga ukuta.

Nyaraka za kidiplomasia za miaka ya 1960 na 1970 hazikuandikwa kwa hangul peke yake. Zimechanganywa na hanja, herufi za Kichina, na nyingine zimeandikwa kwa mkono. TOPIK haipimi hanja. Orodha ya msingi ya hanja za shule za sekondari nchini Korea ina herufi 1,800. Siwema alikuwa anajua zisizofika arobaini. Mtu mwenye daraja la nne alikaa mbele ya telegramu ya ukurasa mmoja siku mbili.

Aliyemsaidia alipatikana Yongin. Katika kampasi ya huko ya Hankuk University of Foreign Studies Kiswahili hufundishwa kama fani ya shahada. Siwema alikwenda kwenye shughuli moja ya wanafunzi akakutana na dada wa Kikorea aliyekuwa akisoma Kiswahili cha magazeti na kulia. Wakakubaliana: Jumamosi saa mbili za hanja, saa mbili za *Uhuru*. Walikaa hivyo zaidi ya mwaka. Yule dada sasa anajua maana ya "kupe" na "bepari" kuliko vijana wetu wengi.

Tatizo la pili halikupata suluhisho zuri kiasi hicho. Kurasa kumi na moja za daftari zilitosha kuombea. Kuandikia tasnifu hazikutosha. Alihitaji kurudi Dar es Salaam miezi miwili, maktaba na Nyaraka za Taifa. Ufadhili ule haulipii utafiti wa nje ya Korea, na posho husimama ukikaa nje kupita muda uliowekwa. Kuchukua fedha nyingine za serikali ya Korea kwa wakati mmoja hairuhusiwi. Akamlipa mwanafunzi wangu mmoja kwa siku, apige picha kurasa kwa simu. Picha nyingi zilikuja na kivuli cha mkono katikati ya safu. Sura ya pili ya tasnifu, iliyopaswa kuwa sura ya Dar es Salaam, ni nyembamba, na mtahini mmoja alilisema wazi. Alifaulu. Sura ni nyembamba vilevile.

Uchambuzi

Ni rahisi kusema mada mpya ndiyo iliyompatia ufadhili. Mimi mwenyewe nimelisema hilo kwenye semina, na sasa nalirudisha nusu. Mwaka wa kwanza alikuwa na andiko la kawaida *na* faili bovu; mwaka wa pili alikuwa na andiko zuri *na* faili kamili. Ukibadilisha mawili kwa mpigo huwezi kujua lipi limefanya nini. Nikiangalia majina yasiyolingana, muhuri wa wakili peke yake, mfuko usio na cheti cha kifo na bahasha yenye gundi, naelekea kuamini kwamba Muujiza wa Mto Han haukusomwa na mtu yeyote. Uliondolewa mezani na karani.

Baada ya faili kukubaliwa, mada ilimsaidia sehemu mbili ninazoweza kuzionyesha: profesa alijibu barua pepe kwa sababu ilikuwa na kitu asichokijua, na msaili aliomba kuona daftari. Vyote viwili vilitokana na Kiswahili. Vijana wetu wanaoomba taaluma za Korea huficha Kiswahili kama jambo la nyumbani na kujitahidi waonekane wanaijua Korea. Korea wanayo Wakorea. Gazeti la *Ngurumo*, ambalo lilikufa 1976, hawanalo.

Kuhusu kuchagua mfuko, kosa la mwaka wa kwanza halikuwa kuomba vingi. Lilikuwa kusoma tangazo kwa kutafuta kiasi cha fedha badala ya kutafuta sentensi inayosema mwombaji ni nani. Mwenye shahada ya kwanza wa kwetu, asiye na ajira chuoni, kwa GKS ana nafasi, na anaweza kuitumia hata kuingia shule ya AKS, ambayo imekuwamo kwenye orodha ya vyuo vinavyopokea. Korea Foundation inamfaa zaidi baadaye, akishakuwa mwanafunzi wa uzamivu au mwalimu wa chuo. Mwalimu wa chuo ambaye tayari ana kazi, kwa upande wake, hana haja ya kuanza tena na shahada kama anachotaka ni miezi michache ya lugha au ya maktaba.

Tulipokosea sote wawili ni utafiti wa nyumbani. Mada iliyokuwa na nguvu kwa sababu ya vyanzo vya Dar es Salaam tuliiombea fedha zinazomtaka mtu akae Korea. Tulipaswa kuliona. Miezi ile kumi ya kungoja, wakati Siwema alikuwa bado nchini, ilitosha kukaa maktaba wiki sita na kupiga picha majalada yote ya miaka kumi kwa kamera ya heshima. Nauli ilikuwepo, aliitumia kwa kozi ya ziada ya Kiingereza ambayo hakuihitaji, na nadhani ni mimi niliyemshauri.

Hanja pia. Nilijua nyaraka za kale za Korea zina herufi za Kichina, kama ajuavyo mtu yeyote aliyesoma kidogo kuhusu Joseon. Sikujua kwamba za 1970 nazo zinazo. Yule profesa wa barua ndefu angetuambia kwa mstari mmoja kama tungemuuliza, lakini barua zetu zote zilikuwa za kujieleza. Hatukuwa na swali hata moja.

Jambo la mwisho ni fedha zenyewe, kwa kuwa kisa ni cha ufadhili. Posho ya Siwema ilimtosha kuishi. Haikupangwa itoshe watu wanne, na kwa miaka mitatu ndivyo ilivyotumika: mama, wadogo wawili, na yeye. Kila tarehe ya posho alituma theluthi moja nyumbani, na miezi ya baridi alipunguza chakula akaita "daieti". Hakuna fomu yenye kisanduku cha jambo hilo. Wanafunzi wanaonijia Februari siku hizi nawauliza kwanza nani anawategemea na kwa kiasi gani, kabla sijawauliza wanataka kusoma nini. Wengine hushangaa. Wengine huvuta kiti, na mazungumzo hukaa saa nzima.

Siwema sasa yuko uzamivu, nchi nyingine, na mwakani atamaliza masomo ya darasani. Majuzi alinitumia tangazo la safari za utafiti la Korea Foundation, amepigia mstari sentensi ya anayestahili kuomba, na chini yake ameandika: "Mwalimu, barua utaiandika lini? Bahasha sifungui."